Wewe Hukuwepo

Baba yangu ana jibu moja la siasa ambalo sijawahi kulishinda: "Mama, wewe hukuwepo." Huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Hulitamka kwa upole, bila kupandisha sauti, na upole huo ndio unaonimaliza. Mtu asiyekupenda akikufunga mdomo, unajua la kumjibu.

Pasaka iliyopita alilitoa tena, nyumbani Iringa, mbele ya wakwe wa mdogo wangu. Tulikuwa tunazungumzia Katiba mpya. Nilisema Katiba ya 1977 ilitungwa kwa ajili ya nchi ya chama kimoja, na tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992 tumekuwa tukiitia viraka tu. Baba akasema Katiba hiyo ndiyo iliyotulinda. Nikauliza imemlinda nani, dhidi ya nani. Akajibu kwamba sikuwepo, akaomba maji ya kunawa, na wageni wakacheka. Nimevuka miaka arobaini, nina mtoto yuko chuo. Kicheko kile bado kinaniuma, na sitajifanya kwamba ninaandika haya kwa moyo mweupe wa mtafuta hekima.

Siasa ni nini, mamlaka ni nini, heshima kwa mzazi ni nini: vitabu vya uraia vimeeleza, na maelezo yao yananitosha. Ninachouliza ni hiki: kuwepo kunampa mtu nini? Aliyeishi zama fulani anapata haki gani juu ya maana ya zama hizo, haki ambayo aliyezaliwa baadaye hawezi kuipata kwa kusoma, kuuliza na kufikiri?

Baba ana hoja nyingine, tena za haki. Husema nchi ilikuwa changa na maskini, na kuiweka pamoja kulikuwa na gharama, kweli. Husema mimi mwenyewe nimesoma bure kwa matunda ya siasa ninazozibeza, kweli pia. Husema Tume ya Jaji Nyalali ilipowauliza wananchi mwaka 1991, zaidi ya robo tatu walitaka chama kimoja kiendelee, na bado vyama vingi vikaletwa, kwa hiyo tusijifanye kwamba sauti ya watu huwa upande wangu daima. Hii ni nzito kuliko zote. Tuendelee.

Kinachonitoa jasho ni "hukuwepo". Kwanza, baba ni mwalimu mstaafu. Alimaliza darasa la saba, akawa mmoja wa wale waliojifunza ualimu huku wakifundisha, walimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), baada ya Azimio la Musoma la 1974 kutaka kila mtoto aingie shuleni ifikapo 1977. Alifundisha historia kwa miaka mingi. Amewasimulia mamia ya watoto jinsi Wahehe walivyolivunja jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na anavyosimulia utadhani yeye ndiye aliyeshika mkuki. Hakuwepo Lugalo. Hakuwepo Mkwawa, mtawala wa Wahehe hao, alipojiua mwaka 1898. Hakuwepo Berlin mataifa ya Ulaya yalipokaa kupanga namna ya kuligawana bara letu, lakini ana msimamo mkali sana juu ya kikao kile, na ana haki ya kuwa nao. Ikiwa kutokuwepo ni kizuizi, somo la historia lifutwe, na baba arudishe mishahara.

Pili, waliokuwepo hawakubaliani. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Ismani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, katika ugomvi ulioanzia kwenye kilimo na ujamaa. Kleruu alikufa, na Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Wote wawili walikuwepo, wakiitazama ardhi ileile.

Na bibi yangu mzaa mama alikuwepo. Operesheni ya vijiji ilipofika kwao aliwakuta watu wameezua paa la nyumba yake yeye akiwa shambani. Akahamishiwa kijiji kipya, na miti yake ya mapichi akaiacha mwendo wa nusu siku. Hakuwahi kutumia neno "ujamaa". Alisema "mwaka ule walipotuhamisha", basi. Aliisimulia habari hiyo mara nyingi mbele ya baba, na baba, mbele ya mama mkwe wake, alitazama chini na kusema, "Ndiyo, mama." Mkwe habishiwi. Lakini bibi akishaondoka, baba alitugeukia sisi watoto na kusema kwamba bibi hakuelewa lengo.

Hapo ndipo ninapomshika baba, na hapo ndipo ningependa wale wakwe wa mdogo wangu wanisikilize bila kucheka. Mimi sistahili kusema kwa sababu sikuwepo. Bibi alikuwepo, naye hastahili kwa sababu hakuelewa lengo. Maana yake kuwepo hakukuwa kigezo tangu mwanzo. Kigezo ni kuelewa lengo, na lengo linaweza kueleweka na mtu aliyezaliwa miaka mingi baadaye, akiwa na hotuba, takwimu na ushahidi wa mabibi mkononi. Mlango aliofungiwa bibi ndio niliofunguliwa mimi, ila baba akiniona nimesimama kizingitini anaubadilishia kufuli.

Nilimkumbusha kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe, akizungumza mwaka 1984, alikiri kuwa kama angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa, kama alivyofanya mwaka 1972, wala asingevivunja vyama vya ushirika, kama ilivyofanyika mwaka 1976. Baba akasema, "Yeye anaruhusiwa."

Nimekaa na neno hilo muda mrefu. Ruhusa hii inatoka wapi? Si kwenye ukweli, kwa sababu kosa ni lilelile, likitajwa na Mwalimu au likitajwa na mimi. Inatoka kwenye kumiliki. Aliyelima shamba ndiye anayeruhusiwa kusema limeota magugu. Ningekubali, kama kula mavuno nako kungeachwa kwa waliolima peke yao. Lakini uamuzi wa siasa hauishii kwa waliokuwepo siku ulipopitishwa. Wasiokuwepo ndio wanaoishi nao muda mrefu zaidi.

Msomaji atasema baba yuko na Aristotle, na ni kweli. Katika kitabu chake cha maadili Mgiriki yule alisema kijana si msikilizaji afaaye wa somo la siasa, kwa kuwa hajapitia mambo ya maisha. Wanaomtaja wakiwa wamekaa vitini mwa wazee husahau alichoongeza papo hapo: haidhuru mtu ni mdogo wa umri au wa tabia, upungufu hautokani na miaka bali na kufuata hisia. Methali zetu ziko upande wa baba waziwazi, najua. Wazee ndio waliozitunga.

Tena tuulize aliyekuwepo alikuwa anasikia nini. Hapa nitapotea kidogo, maana hii ndiyo habari niipendayo kuliko zote: redio. Nyumbani kwetu ilikaa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa ngozi. Betri zikichoka tulizianika juani zipate uhai wa siku mbili zaidi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na ilipofika saa mbili usiku hata mbwa alinyamazishwa. Baada ya taarifa ya habari yalifuata mazungumzo ya kutueleza namna ya kuielewa habari hiyo. Nilikuwa mdogo, lakini hapo nilikuwepo.

Watu wa rika langu huichekelea redio ile kwamba ilikuwa kipaza sauti cha chama. Wanasahau matangazo ya vifo. Baba alipata habari ya kifo cha kaka yake kupitia sauti ileile iliyosoma bei za mazao na safari za viongozi: fulani wa mahali fulani anaarifiwa, mazishi ni siku fulani. Alipanda basi, akafika, akamkuta marehemu hajazikwa. Sauti iliyowahi kukuambia kweli kubwa namna hiyo utaanzaje kuitilia shaka inapokuambia kwamba vijiji vinastawi? Ninadhani imani ya kisiasa hujengwa zaidi hivyo kuliko kwa hoja: chombo kinakuhudumia kwenye msiba, nawe unakilipa kwa kukiamini kwenye takwimu. Sisi leo tuna sauti elfu kwenye simu, na sina hakika hata moja kati yake ingenifikisha mazishini kwa wakati. Lakini nimetoka kwenye njia.

Nirudi kwenye ugumu wenyewe. Wanafalsafa wanaosifu mjadala hudhani kila upande unataka kushinda, au angalau unautaka ukweli kuliko kitu kingine. Mimi sitaki kumshinda baba. Nikimshinda, ujana wake utabaki na nini? Aliwafundisha watoto wa kijiji kile chini ya mti, kwa chaki aliyoikata vipande ili itoshe wiki. Kwake kijiji ni wale watoto. Kwa bibi kijiji ni yale mapichi. Nikisema kuwahamisha watu kwa nguvu kulikuwa dhuluma, baba anasikia nikisema kwamba ule mti ulikuwa dhuluma.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba upendo ni sababu ya kunyamaza. Ingekuwa hivyo, hakuna sera ingeweza kuhukumiwa maadamu yupo hai mwalimu mmoja mwema aliyeitumikia. Na nchi yetu imelizidisha tatizo kwa kuipa siasa majina ya nyumbani: Baba wa Taifa, Mzee Ruksa, Mama Samia. Ukibishana na serikali unaonekana umemkosea adabu mzazi, na ukibishana na mzazi unaonekana umeasi nchi. Robert Filmer aliandika Uingereza, katika karne ya 17, kwamba mamlaka ya mfalme ni mamlaka ya baba. John Locke alipomjibu alimkumbusha kwamba amri ya Mungu inataja baba na mama, na Filmer amemwacha mama nje. Bibi yangu angempenda Locke kwa hilo, kama angemaliza kumsikiliza.

Baba, kwa upande wake, alikwenda kutoa maoni mbele ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba. Alivaa koti, akangoja zamu yake, akasema. Alisema nini, hajawahi kuniambia. Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015. Kura hiyo haijapigwa hadi leo, na baba anakaribia miaka sabini.