Tabasamu la Mhudumu

Huenda sasa hivi uko mgahawani unasubiri supu na chapati. Dada anayekuhudumia ameamka usiku wa manane, pengine kaacha mtoto ana homa, lakini mbele yako sharti acheke. Ukimfokea kwamba chai imepoa, atajibu, "Samahani, bosi," ingawa mpishi si yeye.

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kitabu kuhusu wahudumu wa ndege ambao tabasamu lao lilikuwa sehemu ya kazi. Mgahawani mambo ni yale yale, tena kwa ujira mdogo zaidi. Uchovu wa miguu huisha kwa usingizi. Wa kumeza matusi hauishi hivyo.

Wenye migahawa, mhudumu akitukanwa mteteeni. Nawe mteja, msalimie kwanza, kisha agiza.