Dawa na Nafsi ya Mtu

Richard Burton, aliyefika Kazeh, jirani na Tabora, Novemba 1857, aliandika juu ya uvutaji wa bangi katika nchi alizopita. Wala yeye wala wapagazi hawakujua kwamba ubongo hujitengenezea kitu kinachofanana nayo kwa kazi. Kitu hicho, anandamidi, kilitambuliwa mwaka 1992.

Vidonge vya kutibu huzuni navyo haviishii mlangoni. Katika panya wa maabara vimeonekana kuzidisha protini inayostawisha chembe za ubongo. Labda ndiyo sababu nafuu huchukua majuma. Tena rimonabanti, dawa ya unene iliyoziba milango ipitayo bangi, ilisimamishwa Ulaya mwaka 2008, maana baadhi ya walioitumia walishikwa na majonzi na fikira za kujiua.

Basi mtu atokaye hospitali ya Mirembe, Dodoma, akirudi Tabora kwa reli hali ametulia, na jamaa wakanong'ona, "Si yeye huyu, ni dawa," wamenena kweli? Nusu tu. Ugonjwa nao ulikuwa ukimfinyanga, wala haukumwomba ruhusa. Ubongo huguswa hata na njaa na usingizi. Penye ubishi ni hapa: mpagazi alivuta kwa hiari, mgonjwa mara nyingine hunyweshwa. Aulizwe, basi, akili ikishatulia, ni yupi amtambuaye kuwa yeye. Na akimtaja yule wa kabla ya dawa? Jibu limetoka katika ubongo uliokwisha kutibiwa. Hata hivyo ni lake.