SOMO LA 7: WALIOSIMAMA SOKONI

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mt. 20:1-7, Rut. 2:1-23, Neh. 1:1–2:8, Mwa. 40:14, 23, 41:1-40, Dan. 1:8-20, Mdo. 18:1-4.

Fungu la Kukariri: Mithali 22:29.

Katika mfano wa Yesu, mwenye shamba alitoka saa kumi na moja jioni akakuta watu wangali wamesimama sokoni. Alipowauliza sababu, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Bwana yule hakuwaita wavivu. Aliwapeleka kazini. Jambo hili lapasa kukumbukwa kila jirani anapoanza kumsema kijana aliyehitimu ambaye huu ni mwaka wake wa tatu nyumbani. Nchini Tanzania nafasi chache za utumishi wa umma huombwa na maelfu. Hata walimu, ambao kwa miaka mingi walipangiwa vituo moja kwa moja, siku hizi huitwa kwenye usaili.

Juma hili tazama jinsi watu wa Mungu walivyotafuta kazi wakati kazi ilipokuwa haba, na yale ambayo hawakukubali kuyauza ili waipate.

JUMAPILI: Ruthu Aenda Shambani

Soma Ruthu 2:2-12, 17. Ruthu alianzia wapi, naye alijulikanaje kwa Boazi?

Ruthu alikuwa mjane, mgeni, asiye na shamba. Lakini sheria iliruhusu maskini na mgeni waokote masazo (Law. 19:9, 10), naye akaingia kwa mlango huo uliokuwa wazi. Aliaga kwa mkwewe, akaomba ruhusa kwa msimamizi, akashika kazi tangu asubuhi. Kuokota masuke hakukuwa kazi ya heshima, lakini jioni alirudi na yapata efa moja ya shayiri. Zaidi ya hayo, Boazi alikuwa amekwisha kusikia habari za wema wake.

Wengi hungoja nafasi inayolingana na cheti chao huku milango midogo ikiwa wazi: mafunzo ya vitendo kazini, kazi ya muda, kujitolea katika zahanati au shule. Humo ndimo mtu hupata uzoefu, na humo ndimo sifa yake huanza kusikika.

JUMATATU: Miezi Minne ya Nehemia

Soma Nehemia 1:1-4 na 2:1-8. Mfalme alipouliza, Nehemia alikuwa na nini mkononi?

Tangu mwezi wa Kisleu hata Nisani, yapata miezi minne, Nehemia aliomba. Lakini hakuomba tu. Alipoulizwa alitaja muda, barua kwa maliwali, na mbao kutoka msitu wa mfalme. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu.

Anayeomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hana budi kuwa hivyo. Asome tangazo neno kwa neno. Aambatishe cheti chenyewe, si matokeo ya muda. Ahakikishe jina la kwenye vyeti ni lile lile la kitambulisho cha NIDA, kwa maana wengine huachwa kwa herufi moja. Barua moja isitumwe kwa waajiri hamsini. Kila barua ijibu tangazo lake. Usaili wa mchujo na wa mahojiano ufanyiwe mazoezi mapema, vijana wakiulizana maswali wao kwa wao.

JUMANNE: Yusufu Aliyesahauliwa

Soma Mwanzo 40:14, 23 na 41:1, 14, 33-36.

Yusufu alimwomba mnyweshaji amtaje kwa Farao. Haikuwa dhambi. Kumwambia mtu unayemfahamu kwamba unatafuta kazi si kukosa imani. Hata hivyo alisahauliwa miaka miwili mizima. Siku alipoitwa, alinyoa, akabadili nguo, na baada ya kufasiri ndoto akatoa mpango: sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba. Miaka ya kusahauliwa haikumkuta amelala.

Ila kutajwa kwa wema si sawa na kununua nafasi. Anayedai “fedha ya fomu” au “ya chai” ama ni mla rushwa ama ni tapeli (Kut. 23:8). Taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu 113, bila malipo.

JUMATANO: Usaili Unapoangukia Sabato

Soma Danieli 1:8-16, 20. Danieli alitumia njia gani kuomba?

Danieli aliazimu moyoni kabla ya sahani kuletwa. Kisha aliomba kwa adabu. Mkuu wa matowashi alipoogopa, alimwendea msimamizi na kupendekeza majaribio ya siku kumi. Na kwenye usaili wa mfalme alionekana bora mara kumi.

Basi ratiba ikitoka na siku ikawa Jumamosi, barua iandikwe siku hiyo hiyo. Iombe siku nyingine, iambatane na barua ya mchungaji, na itaje kwa upole Ibara ya 19 ya Katiba, inayolinda uhuru wa kuabudu. Si kila mara jibu litakuwa ndiyo. Wapo watakaopoteza nafasi huku wadogo zao wakisubiri ada. Kanisa linalomtaka kijana awe mwaminifu siku ya Sabato halina budi kumuuliza Jumapili atakula nini.

ALHAMISI: Mikono ya Paulo

Soma Matendo 18:1-4, 22:3.

Paulo alifundishwa miguuni pa Gamalieli, lakini Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Elimu haikumzuia kushika sindano. Ufundi wa VETA, kilimo au ushonaji si aibu ya msomi; huweza kumlisha anapoendelea kuomba. Na waumini wenye biashara wamtazame Boazi: aliwaagiza wavunaji wake waache masuke makusudi (Rut. 2:15, 16).

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Rudia Mathayo 20:1-7. Watu wa saa kumi na moja walikuwa wangali sokoni bwana alipopita.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumngojea Bwana na kukaa tu? Nehemia anasaidiaje kujibu?

2. Dada mmoja amekosa usaili kwa ajili ya Sabato. Darasa lenu litamfanyia nini kabla ya Sabato ijayo?

3. Taja washiriki wanaotafuta kazi na wenye uzoefu wa kuajiri. Wakutanisheni lini?