Kiporo na Makombo

Kiswahili kina maneno mawili ya chakula kilichobaki, na hakuna mpishi anayeyachanganya. Kiporo ni chakula changu mwenyewe kilicholala: nilikipika jana, nikashiba, nikakifunika kwa ajili ya asubuhi. Makombo ni kile kilichobaki kwenye sahani ya mwingine baada ya yeye kuridhika. Huenda ni wali uleule wa sufuria ileile, lakini kiporo huliwa na chai bila aibu, na makombo hata mwenye njaa huyatazama mara mbili. Swali ninalotaka kulijadili linatokana na tofauti hiyo. Mtu anayejenga kitu kwa mabaki ya wengine anawajibika kwa nani? Au hawajibiki kwa lolote, maadamu hakulipa hata senti moja?

Nitalijadili kwa mfano ambao baadhi ya wasomaji watauona wa kitoto, yaani reli ndogo ya mezani. Huko Uingereza, Ujerumani na Marekani kuna watu wazima, wengi wao wastaafu, wanaojenga treni ndogo, stesheni ndogo na vilima vidogo kwa miaka na miaka. Reli kubwa ikishakamilika hubaki vipande, na kwa vipande hivyo wengine hujenga bandari. Wana sababu nzuri ya kuchagua bandari. Treni ya bandarini huenda polepole kwenye kona kali, kwa hiyo reli fupi inatosha. Mabehewa ya kila umri na kila kampuni hukutana pale, na hakuna atakayeuliza hili limefikaje. Upande mmoja maji hukata dunia, upande wa pili ukuta wa ghala huikata tena, na katikati panabaki ubao wa kuweka juu ya kabati. Mandhari ya bandari husamehe karibu kila kitu.

Hata kucheza kwenyewe kunaweza kuwa kwa kina. Mwingereza Alan Wright alibuni mpangilio uitwao Inglenook Sidings: njia tatu fupi, moja ya mabehewa matano na mbili za mabehewa matatu matatu. Una mabehewa manane, unachagua matano, na lazima yatoke kwa mfuatano uliopangwa. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Kuna aina ndogo zaidi ya mabehewa matano ambayo unatoa matatu; hiyo ina mifuatano 60, nayo inatosha kumkosesha mtu usingizi wakati wa mitihani.

Mimi na mwenzangu wa chumba tulipata boksi la mabaki ya namna hii. Familia ya wageni iliyokuwa ikirudi Ulaya iliwaachia watu vitu vyake, na boksi likapita mikono mitatu kabla ya kufika kwetu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya reli, sehemu mbili za kubadilishia njia, kichwa kimoja cha treni ya dizeli, mabehewa matano na mfuko wa watu kumi na mmoja wa plastiki. Tuliweka sheria moja, kwamba hatutanunua kitu. Ubao ulitoka kwenye kitanda kilichovunjika. Tukaamua kujenga Port Bell, pale Luzira nje kidogo ya Kampala, ambako reli inafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria na mabehewa huingizwa ndani ya meli, reli kwa reli, kuelekea Mwanza au Kisumu.

Hapo ndipo kipimo kilipoanza kutusumbua, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Upana wa reli zilizomo ndani ya boksi ni milimita 16.5. Katika nchi nyingi za Ulaya, upana huo huwakilisha reli ya milimita 1,435 kwa skeli ya 1 kwa 87, na hesabu inakubali. Waingereza hutumia upana huohuo, ila vichwa na mabehewa yao ni ya skeli ya 1 kwa 76, kwa sababu treni zao halisi ni nyembamba na mota za zamani hazikuingia katika kigamba kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba skeli inayopendwa kuliko zote Uingereza ina reli zilizopungua kiasi cha sentimita 18 kwa treni halisi. Wanalijua jambo hilo na wanaendelea kucheza. Basi, reli yetu ya zamani ya Uganda, kama ya Kenya na ile ya zamani ya Tanzania, ina upana wa mita moja. Gawanya milimita 1,000 kwa 16.5, unapata takriban 60. Kwa hiyo mabaki yale ya Ulaya yanaweza kuwa reli ya Uganda bila uongo wowote, mradi kila kitu kingine kijengwe kwa skeli ya 1 kwa 60.

Mwenzangu alifurahi sana kugundua hivyo, na mimi pia. Ilikuwa kama boksi limetupa ruhusa. Tuling'oa maboma ya mabehewa, tukabakiza magurudumu, tukajenga mengine kwa katoni za majani ya chai. Meli za kubeba mabehewa zina urefu wa karibu mita 90, ambayo ni mita moja na nusu kwa skeli yetu, kuliko ubao wote. Tulijenga mdomo wake tu, pale reli zinapoingilia.

Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Mfaransa Claude Lévi-Strauss alitoa kitabu, La Pensée sauvage, ambacho sura yake ya kwanza inazungumzia mambo haya mawili kwa pamoja: fundi anayeunda kwa vilivyopo, na raha ya kutazama kitu kilichopunguzwa ukubwa. Anasema, kwa ufupi, kwamba fundi huyo huanza kwa kurudi nyuma: anakihoji kila kipande alicho nacho kinaweza kumaanisha nini, akijua kwamba kazi yake ya awali imekwisha kukiwekea mipaka. Na kuhusu kitu kidogo anasema kwamba tunakielewa chote kwa mara moja kabla ya kuelewa sehemu zake. Nakubaliana naye. Lakini kuna hoja moja ambayo nadhani mabaki yanatulazimisha kuiongeza, nayo ilitoka kwenye ule mfuko wa plastiki.

Watu wale kumi na mmoja walikuwa bwana mwenye kofia, bibi mwenye mwavuli, mkuu wa stesheni na filimbi yake, mtoto na mbwa wake, na wengine wa namna hiyo. Wote walikuwa wanasubiri. Hakuna aliyebeba kitu kizito kuliko mkoba. Walitengenezwa kwa skeli ya 1 kwa 76, hivyo kwenye bandari yetu bwana mwenye kofia alikuwa na urefu wa sentimita 134, mtoto wa shule ya msingi mwenye masharubu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kipimo kilimkataa kabla sisi hatujaamua.

Tulipomtoa, bandari ikabaki tupu, na mwenzangu akasema ni nzuri hivyo. Ilikuwa nzuri kweli. Ukiitazama kwa jicho moja, ukikaribia usawa wa ubao, ungeapa kwamba ni asubuhi Luzira kabla jua halijakolea. Lakini bandari haiwi tupu. Magunia ya mahindi hayashuki yenyewe. Fundi wa Lévi-Strauss anakihoji kila kipande, ila hawezi kukihoji kipande ambacho hakimo. Boksi lilitengenezwa kwa ajili ya mtoto ambaye kwake treni ilikuwa kitu cha kupanda na kushuka. Mchukuzi hakuwahi kuwemo, kwa hiyo hakuweza hata kubaki. Tukijenga kwa mabaki peke yake, tunarithi reli, na pamoja nayo tunarithi macho ya mtu aliyeinunua. Hiyo ndiyo maana yangu ya makombo: sahani inakuonyesha alichoacha mlaji, haikuonyeshi ambacho hakikuwekwa mezani tangu mwanzo.

Mwenzangu alinijibu vizuri, na sitaki kuipunguza hoja yake. Alisema kitu cha kuchezea hakina deni. Kudai haki kwenye ubao wa kitanda ni kutafuta maziwa kwa jogoo. Nikamwonyesha kibao kidogo alichokiandika yeye mwenyewe kwa kalamu ya wino: PORT BELL. Bila kibao kile ningekubali kila neno lake. Bandari isiyo na jina inaweza kuwa na simba anayeuza magazeti. Lakini ukishaandika jina la mahali palipo, umetoa kauli kuhusu mahali hapo, na mtu anayefanya kazi pale ana haki ya kukuuliza yuko wapi.

"Basi tufute jina," akasema.

Hilo ni jibu halali, pengine halali kuliko langu. Ni rahisi, haligharimu kitu, na halimdanganyi mtu. Nililifikiria siku mbili. Kilichonizuia ni kwamba hesabu ya 16.5 kwa 1,000 ndiyo iliyoupa mradi wote thamani. Kama jina halina uzito, basi hata upana wa mita moja hauna uzito, na tungeweza kumwacha bwana mwenye kofia na masharubu yake. Hatuwezi kuwa waaminifu kwa milimita za chuma kisha tukadai kwamba uaminifu kwa watu ni jambo la kuzidisha.

Nakiri kwamba jambo hili linanigusa pia kama mwanafunzi wa Kiswahili Uganda. Kwa miaka mingi Kiswahili kwetu kilisikika zaidi katika kambi za jeshi na polisi, na kwa hiyo wengi tulirithi maneno ya amri kabla ya maneno ya pole. Watu wanatucheka kwamba Kiswahili chetu ni cha vipande. Kucheka huko hakunisumbui. Neno bandari lenyewe limetoka Uajemi, na meli imetokana na neno la Kiingereza la barua na vifurushi. Asili ya kipande si tatizo kama kinapita relini. Kinachonisumbua ni kutojua ni maneno gani hayakuwemo kwenye boksi nililopewa, kwa kuwa neno ambalo hujawahi kulisikia huwezi kulikumbuka.

Mwishowe tulitengeneza wachukuzi tisa. Kwa skeli yetu mtu wa sentimita 170 ana milimita 28. Mifupa yao ni waya wa shaba wa chaja iliyoungua, nyama ni gundi na karatasi ya chooni, magunia ni soksi. Mgongo ulikuwa kazi ngumu kuliko zote: mchukuzi mwenye gunia hainami kiunoni kama mtu anayeokota kitu, uzito unaanzia shingoni, na sita kati ya tisa tuliwarudia. Rangi ya kuwapaka haikuwemo katika mabaki ya mtu yeyote tunayemjua. Tulinunua makopo mawili madogo, na mwenzangu mpaka leo anasema sheria yetu ilivunjwa. Ndani ya meli bado hakuna baharia hata mmoja.