Kijana Aliyeomba Kitabu

Jumapili iliyopita ibada ya pili ilikuwa imekwisha na mnada ukiendelea nje, kijana mmoja akaingia ofisini kwangu na kufunga mlango taratibu. Nilimfundisha kipaimara, sasa yuko mwaka wa 3 chuoni. "Shikamoo, Mchungaji." Nikaitikia, akakaa, akatazama vidole vyake. "Sijui tena kama Mungu yupo. Sisemi hayupo. Sijui." Nilitegemea aombe maombi. Akaomba kitabu.

Nawaandikia juu yake, kwa ruhusa yake, kwa kuwa vijana wa namna hii wamo majumbani mwenu, na wengi wenu mnawajibu kwa kemeo. Kusema "sijui" si pepo. Mwaka 1869 mwanabiolojia Mwingereza Thomas Huxley aliwatungia jina watu wa msimamo huo, waagnostiki, lakini hali yenyewe ni kongwe kama Zaburi.

Nilianza na Ayubu. Simaanishi yule mvumilivu tunayemhubiri misibani, bali Ayubu wa sura za katikati, anayemdai Mungu aje wasikilizane kesi. Rafiki zake watatu walifanya jambo moja jema: walikaa naye chini siku 7, kimya. Waliharibu walipofungua vinywa. Na mwishoni hasira ya Mungu inawaangukia wao, watetezi wake, na anayetakiwa kuwaombea ni Ayubu.

Kisha nikamtajia Imam Ghazali, ambaye mashehe jirani zetu wanamfahamu vyema. Alipokuwa angali akiitafuta elimu isiyo na shaka, kwa kadiri ya miezi 2 hakuweza kuamini hata macho yake. Alikitazama kivuli. Jicho linasema kimetulia, ukirudi baada ya saa moja kimehama. Akajiuliza: sasa kama jicho limenidanganya, nani atanidhaminia akili? Tukatoka nje mimi na kijana, nikaweka jiwe kwenye ukingo wa kivuli cha mwarobaini. Tulipomaliza chai jiwe lilikuwa juani. Akaliangalia kwa muda mrefu. Ghazali alipona shaka ile, na mwenyewe anasimulia kwamba hakuponywa na hoja, bali na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Wala safari haikuishia hapo: mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri Baghdad, ulimi wake ulifungwa asiweze kufundisha, akaacha cheo na kuondoka.

Nilimpa pia David Hume, Mskoti, ingawa anazipiga vikali hoja zetu. Kitabu chake cha mazungumzo juu ya dini kilichapishwa mwaka 1779, miaka 3 baada ya kifo chake. Watatu wanajadiliana, na Demea, mshika dini kuliko wote, anakasirika na kuondoka kabla maneno hayajaisha. Kila nikifika hapo moyo unaniuma. Wangapi wameulizwa swali gumu na watoto wao, wakainuka mezani?

Kwa Kiswahili yupo Euphrase Kezilahabi. Kitabu chake *Kichwamaji* cha mwaka 1974 nilimwomba kijana asikisome peke yake usiku, maana Kazimoto, mhusika mkuu, msomi kama yeye, anaishia kujiua. Tumekubaliana kukisoma pamoja kila Alhamisi.

Jumatano mama yake akaja. "Baba Mchungaji, nimekukabidhi mtoto, nawe unampa vitabu vya wapinzani?" Alikuwa amekunja kitenge mikononi kama mtu anayekamua nguo. Nikamsimulia habari za Monika, mama wa Augustino, yule mwana wa Afrika aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Augustino alipozama katika dini ya Mani, Monika alimwendea askofu mmoja akamsihi azungumze na mwanawe. Askofu akakataa. Yeye mwenyewe alilelewa katika dini hiyo, akavisoma karibu vitabu vyake vyote, na kwa kuvisoma akaona kasoro zake. Alishauri kijana aachwe asome, mama aendelee kumwombea. Monika hakuridhika, akazidi kulia. Nadhani ningelia pia. Augustino alibatizwa mwaka 387 baada ya miaka mingi, na katikati alipitia hata kwa wanafalsafa waliofundisha kwamba hakuna la hakika. Yote ameyaandika katika *Maungamo*.

Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wangu asiporudi?"

Nilitamani kumpa ahadi, sikuwa nayo. Nikamwambia, "Mama, hilo hata mimi silijui." Tukakaa kimya, tukaomba. Alipoinuka aliniuliza kama *Maungamo* ninayo. Ninayo nakala moja, jalada limelegea. Akaifunga ndani ya kitenge akaondoka nayo. Alisema ataanza kusoma yeye, usiku, kijana akishalala.