Mwanamke Akishika Kipaza Sauti

Redio ikirusha hotuba ya Rais Samia Suluhu Hassan ndani ya daladala, hakosi abiria wa kunung'unika kwamba Mama anaongea kama anabembeleza. Alichosema hakijadiliwi. Abiria huyo huyo akimsikia mbunge wa kike akifoka bungeni, atauliza mume wake anaishije naye.

Rais anaijua hukumu hiyo. Machi 22, 2021, Dodoma, katika hafla ya kitaifa ya kumuaga John Magufuli, aliwaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais wa Jamhuri ya Muungano, mwenye maumbile ya mwanamke. Alikuwa na siku tatu tu tangu aapishwe. Kati ya marais watano waliomtangulia, hakuna aliyelazimika kutaja jinsia yake ndipo asikilizwe.

Wapo watakaosema jukwaa lina ada yake, na uongozi unataka sauti nzito. Ada ya nani? Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuongoza wanawake wa TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba, Dar es Salaam. Kushika umati alikuzoea huko ngomani, na kupitia vikundi vya aina hiyo aliwaingiza wanawake wengi katika chama.

Na mwanamke akiitii ada hiyo anapata nini? Margaret Thatcher wa Uingereza alifundishwa kushusha sauti yake miaka ya 1970, na bado akaitwa mwanamke wa chuma. Jina hilo hilo amebandikwa Martha Karua nchini Kenya kwa kusema waziwazi. Mwanamume akisema hivyo huitwa mwanasiasa, basi.

Rais Samia ana mengi ya kuhojiwa, na ahojiwe bila kuonewa haya: mikopo, uchaguzi, haki za raia. Kila dakika inayopotea kwa kupima upole wa sauti yake inamwepusha na maswali hayo. Tena upole huo haupunguzi nguvu ya kiti. Januari 4, 2022, alimsema hadharani Spika Job Ndugai, aliyekuwa ameikosoa mikopo ya serikali. Hakufoka. Siku mbili baadaye Spika alijiuzulu.