Hapakuwa na Mfua Chuma



Wengi wenu mlikuwapo Jumapili ile kinanda chetu cha umeme kilipozimika katikati ya wimbo wa Matoleo, tukaumaliza kwa midomo mitupu, kila benchi na mwendo wake. Kinanda chenyewe hakijatimiza miaka minne. Tulikichangia Kwaresima mbili. Wako akina mama waliouza kuku. Tulipokirudisha mjini kwa muuzaji alikigeuza mara moja tu, akasema, "Hiki hakitengenezwi. Mnatupa, mnanunua kingine." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwamba mvua hunyesha.

Neno hilo tulirudi nalo njia nzima ndani ya basi. Tulipofika nyumbani tukafungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, kuanzia aya ya 19. Hazisomwi mara nyingi kanisani aya hizi, wala hatukumbuki kusikia mahubiri juu yake. Hapo twaambiwa kwamba nchi nzima ya Israeli haikuwa na mfua chuma hata mmoja, maana Wafilisti walizuia, Waebrania wasije wakajifulia panga na mikuki. Basi Mwisraeli aliyetaka kunoa plau yake, au shoka, au sururu, ilimbidi ateremke kwa adui yake akalipe. Bei nayo imetajwa: pimu. Neno hilo liliwasumbua wafasiri kwa karne nyingi; wale wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walidhani ni tupa ya kunolea. Ndipo katika karne ya 20 wachimbaji wa mambo ya kale walipopata huko Palestina vijiwe vya mizani vilivyochorwa neno lilo hilo, vyenye uzito wa karibu gramu 8, yaani kama theluthi mbili za shekeli. Kumbe ni bei! Mkulima alitoa fedha ya uzito huo anolewe jembe tu.

Angalieni werevu wa Wafilisti. Hawakuwanyang'anya watu majembe. Waliwaachia majembe, wakawaondolea mfua chuma. Siku ya vita ilipofika, ni Sauli na Yonathani peke yao waliokuwa na upanga.

Tusidhani mambo haya yaliishia huko. Mwezi wa Desemba 1924 makampuni makubwa ya balbu za taa, Osram na Philips yakiwamo, yalipatana huko Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Wakakubaliana balbu iwake saa 1,000, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ikatozwa faini. Kabla ya hapo zilikuwako balbu za saa 1,500 na hata zaidi. (Wapo wanaowatetea kwamba balbu ya kudumu sana huwaka kwa mwanga hafifu, na jambo hilo lina ukweli. Lakini faini ile ilikuwa ya nini?)

Sasa shikeni simu zenu. Zile za vitufe, mfuniko wa nyuma ulifunguka kwa ukucha, betri ikatoka, ukanunua nyingine ukaiweka mwenyewe. Simu nyingi za siku hizi zimebandikwa mgongo kwa gundi, na betri nayo gundi. Fundi hana budi kuupasha moto kwanza, na mkono ukiteleza kioo kimepasuka. Tena yako makampuni yanayotia alama ya siri ndani ya spea, hata ukitoa skrini nzima ya simu ya namna ile ile ukaiweka kwenye yako, simu inaikataa au inalalamika. Nyingine hazivunjiki kabisa. Kampuni huacha tu kuzipelekea programu mpya, na asubuhi moja simu nzima isiyo na ufa inakuambia kwamba imepitwa na wakati. Hata hivyo tusiwe waongo: gundi ile husaidia kuzuia maji, na simu nyembamba ndiyo tuliyoichagua wenyewe dukani.

Huko Marekani wakulima walijikuta hasa mahali pa Waisraeli. Trekta zao zimejaa kompyuta, na trekta ikizimika wakati wa mavuno, mwenye mali aliye na spana zake na akili zake hulazimika kumngoja fundi wa wakala aje na programu yake. Walinung'unika miaka mingi. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria, ya kwanza ya namna hiyo katika nchi ile, kuwataka watengenezaji wa zana za kilimo wawape wakulima vitabu, spea na programu za kutengenezea. Ufaransa ilianza Januari 2021 kuvipa vyombo kadhaa maksi katika kumi kwa wepesi wa kutengenezwa, jambo lililotufurahisha sana sisi walimu. Umoja wa Ulaya umefuata kwa sheria zake za mwaka 2023 na 2024. Hatujui sheria hizo zitatufikia lini huku, lakini takataka zinatufikia. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na isiyofika robo ndiyo iliyoandikwa kwamba ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyuma ya soko tumeona watoto wakichoma waya wapate shaba, wamekaa upande unakokwenda moshi.

Lakini tusiwatupie Wafilisti kila kitu. Tulifundisha miaka 38. Tulikua na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, iliyotaka mikono na akili vifanye kazi pamoja, na Chuoni tuliiandikia insha nzuri. Kisha tukaingia madarasani, na mtoto aliyeshindwa mtihani wa darasa la saba tukamwambia baba yake, "Huyu mpeleke kwa fundi," kwa sauti ya mtu anayepeleka habari ya msiba. Palikuwa na kijana mmoja aliyeifungua saa ya ukutani ya ofisini, iliyokuwa imesimama tangu muhula uliopita. Tulimkuta na vyuma vyake vimetandazwa juu ya daftari. Tukamchapa fimbo nne. Jioni yake saa ile ilitembea, ikatembea mpaka tulipohamishwa shule ile, na hatukumwambia neno. Watu wa Nazareti walipotaka kumdharau Bwana wetu walitaja useremala wake. Tulisoma habari hiyo mara nyingi bila kujiona ndani yake. Na Yakobo na Yohana aliwaita wakiwa chomboni, wanashona nyavu zilizotatuka.

Halmashauri ya mtaa ilikuwa imekwisha kupanga changizo la kinanda kipya lianze Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tuliomba lisubiri kidogo, na baadhi ya wazee hawakupendezwa. Tukakipeleka kinanda kwa kijana yule. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, ana meza ya mbao chini ya mwarobaini karibu na stendi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akatufutia kiti. Tulimkumbusha ile saa, tukamwomba radhi. Alicheka. Alisema fimbo hazikumbuki. Anaikumbuka saa, springi yake ilikuwa imeteleza.

Kisha akakifungua kinanda. Skrubu zilikuwa nyingi, mbili zimefichwa chini ya karatasi ya jina la kampuni, naye akazipanga zote juu ya sahani kwa utaratibu zilivyotoka. Akatuonyesha kidude kimoja kilichovimba kichwa kama punje ya mahindi iliyolowekwa. Kapasita, akasema. Spea yake hapa mjini haiko. Ataitoa kwenye televisheni mbovu ya chogo aliyonayo ndani, aijaribu kwanza kwa kipimo. Hakutuahidi kitu. Alisema turudi Jumamosi, twende na waya wetu wa umeme maana wa kwake umeazimwa.